Kebo ya Mfangano, Dishi la Remba: Intaneti Inavyovuka Maji

Mtu akiwa Sena, kisiwani Mfangano katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, anaweza kuona simu yake imejaa mtandao hadi juu na bado picha ya samaki aina ya mbuta anayotaka kumtumia mnunuzi wa Kisumu ikakataa kwenda. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, mwishowe simu inamwambia ajaribu tena. Wengine hulaumu simu, wengine bando. Mara nyingi vyote viwili havina hatia. Zile alama za mtandao juu ya kioo hupima jambo moja tu, yaani jinsi simu inavyosikilizana na mnara ulio karibu. Mnara wenyewe unasikilizana vipi na mji wa Mbita ulio bara, Kisumu, Mombasa na dunia? Hilo simu haikuambii.

Mzizi wa shida ya intaneti visiwani uko hapo. Mnara usio na njia pana ya kupeleka data bara ni stendi ya matatu isiyo na barabara: abiria wamejaa, makanga wanaita, hakuna gari linaloondoka. Njia hiyo inaweza kuwa mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka mnara hadi mnara, inaweza kuwa setilaiti, na inaweza kuwa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba mwanga. Faiba ndiyo inayosifiwa zaidi, na kwa haki. Lakini mtu akikuambia dawa ya visiwa vyote vya Ziwa Victoria ni kulaza kebo chini ya maji, mwulize kwanza ni kisiwa gani anachozungumzia.

Tuanze na safari ya data kabla haijafika ziwani. Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu kwa intaneti. Kituo cha Longonot, kule Nakuru, kilikuwa kimefunguliwa 1970 kikiwa na dishi kubwa lililoelekezwa angani, na kwa miaka mingi simu za ng'ambo zilipitia huko. Setilaiti za aina ile hukaa umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ishara ikipanda na kushuka, kisha jibu nalo lipande na kushuka, nusu sekunde na zaidi imekwisha. Kwa barua pepe si neno. Kwa mazungumzo ya simu mnaanza kukatizana maneno kama watu waliokasirikiana.

Mwaka 2009 mambo yakageuka. Kebo ya chini ya bahari ya SEACOM ilianza kazi mwezi wa Julai, na TEAMS, iliyovutwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu hadi Mombasa, ikafuata mwaka huohuo. EASSy ikaja 2010, LION2 ikatua 2012, na baadaye nyingine zikaongezeka. Data ikitua Mombasa hupanda bara kwa faiba: Nairobi, Nakuru, Kisumu, kisha Busia na Malaba kuingia Uganda. Kwa hiyo mkazi wa Kondele, mtaa wa Kisumu, anayetazama video hatazami kitu kilichoshuka kutoka mbinguni, kama wengi wanavyodhani. Mwanga umetambaa chini ya Bahari Hindi, ukapanda nchi kavu kilomita mia kadhaa, na kumalizia safari yake kwa mnara au kwa waya unaoning'inia kwenye nguzo za mtaa. Data nyingi mno inayovuka kutoka bara moja hadi jingine hupitia kebo. Sehemu ya setilaiti ni ndogo sana.

Kuvuta waya chini ya bahari si jambo geni upande wetu wa dunia. Kebo ya telegrafu ilifika Zanzibar 1879, ikiunganisha Aden na Durban kupitia Msumbiji, miaka mingi kabla reli haijafika Kisumu. Kilichobadilika ni tumbo la kebo. Ukiikata kebo ya leo utakuta katikati kabisa nyuzi za kioo, kila moja nyembamba kiasi kwamba ukiipoteza mezani hutaiona tena. Zimewekwa ndani ya mrija wenye mafuta mazito, mrija umezungukwa na waya za chuma, juu yake shaba, na juu ya shaba plastiki ngumu. Kwenye kina kirefu kebo nzima ina unene wa milimita 20 hivi. Inapokaribia ufuo huvalishwa matabaka ya nyaya nene za chuma hadi ifikie milimita 50, kwa sababu hatari kubwa haiko kwenye kina cha kilomita 4. Iko karibu na watu.

Hiyo shaba ina kazi ambayo wengi hawaijui. Mwanga ukisafiri ndani ya kioo hufifia, kwa hiyo kebo za bahari kuu huwekewa vifaa vya kuuongezea nguvu kila baada ya kilomita 60 hadi 100. Vifaa hivyo vinahitaji umeme, na umeme huo hutumwa kutoka ufuoni kupitia shaba, kwa volti elfu nyingi. Kila kifaa ni ghali, na kikiharibika lazima meli iende kukiopoa.

Visiwa vyetu vya ziwani vina bahati hapo. Kebo isiyo na kifaa hata kimoja cha njiani inaweza kufika kilomita 200 na zaidi, mitambo yote ikikaa nchi kavu. Kutoka kisiwa cha Rusinga, kilicho karibu na Mbita, hadi Mfangano ni kilomita chache tu za maji, na kisiwa cha Takawiri kiko papo hapo kando ya njia. Ziwa lenyewe halina kina cha kutisha. Wastani wake ni mita 40, na pale lilipo refu zaidi ni mita 80 na kitu. Kwa fundi aliyezoea Atlantiki, hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Basi mbona isifanywe kesho?

Kwanza, meli. Meli zinazolaza na kukarabati kebo hukaa baharini, na hakuna hata moja inayoweza kuingia Ziwa Victoria. Ile inayojulikana zaidi Afrika, Léon Thévenin ya Ufaransa, iliyozinduliwa 1983, hukaa Cape Town na kuhudumia pwani ndefu ya bara hili. Kwa ziwa letu kebo ingepanda lori kutoka Mombasa ikiwa imeviringishwa kwenye magurudumu makubwa ya mbao au chuma. Kebo yenye kinga ya chuma ni nzito, kilomita moja huweza kupita tani moja, kwa hiyo ingekuja vipande vipande na kuungwa. Kisha ingepakiwa kwenye tishari lililofungwa mashine ya kuitelemsha polepole. Ujuzi wa vyombo vya majini upo Kisumu, maana MV Uhuru II ilijengwa papo hapo bandarini. Lakini kukodi mafundi wa kebo, kupima sakafu ya ziwa, kutengeneza tishari na kuomba vibali ni gharama isiyopungua sana hata kama kebo ni fupi. Kilomita 10 hazigharimu sehemu ya kumi ya kilomita 100. Wanasiasa wanapogawanya bei kwa kilomita, hesabu hii huwapita.

Pili, na kwangu hili ndilo zito: nani ataitengeneza ikikatika?

Kebo hukatika, na kwa wingi. Duniani kote kuna hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka, na nyingi husababishwa na nanga na nyavu. Papa, ambao hupenda kutajwa kwenye habari, karibu hawahusiki. Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu baada ya meli Rubymar kushambuliwa na kuelea ovyo ikikokota nanga yake, na SEACOM ilikuwa miongoni mwake. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda wakakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Ilisuasua tu, haikuzimika, kwa sababu Mombasa ina kebo zaidi ya moja. Moja ikifa, data hukimbilia nyingine na msongamano unaanza.

Kisiwa chenye kebo moja hakina pa kukimbilia. Tonga iliunganishwa na Fiji kwa kebo moja ya kilomita 827. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ililipuka chini ya bahari na kuikata vipande. Taifa zima likanyamaza, na jamaa waliokuwa New Zealand na Australia hawakujua nani yu hai. Kebo ya kimataifa ilirejea baada ya wiki tano. Ile ya ndani ya nchi, inayokwenda visiwa vya Vava'u, ilisubiri hadi 2023. Visiwa vya Matsu, vilivyo chini ya Taiwan karibu kabisa na China bara, vilikuwa na kebo mbili, lakini Februari 2023 zote mbili zilikatwa na vyombo vya majini, ya pili siku chache baada ya ya kwanza. Wakazi kama 14,000 waliishi kwa mawimbi ya redio yaliyorushwa kutoka Taiwan kwa wiki nyingi, wakigawana kijito badala ya mto.

Zanzibar nayo inalijua jambo hili, ingawa kwa upande wa umeme. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa gizani baada ya mfumo wa kebo inayoleta umeme kutoka bara kuharibika. Miezi mitatu ya jenereta na mishumaa. Kebo mpya, yenye uwezo mkubwa zaidi, ilikuja 2013.

Sasa rudi ziwani na uangalie sakafu yake kwa macho ya mvuvi. Usiku usio na mwezi, kati ya Rusinga na Mfangano, maji huwaka kama mji: ni taa za wavuvi wa omena, zikiwa juu ya maboya yaliyofungwa kwa kamba ndefu na kutiwa nanga. Nanga yenyewe mara nyingi ni jiwe, au kipande cha chuma kilichokunjwa na fundi wa kulehemu pale Mbita. Asubuhi mvuvi akivuta kamba na kukuta imenasa, anavuta kwa nguvu, au anafunga kamba kwenye boti na kuipa injini moto. Kama kilichonasa ni kebo, mojawapo itashindwa, na kwa kebo yenye kinga hafifu tunajua ni ipi. Ongeza vizimba vya kufugia samaki aina ya ngege ambavyo vimeongezeka mno miaka ya karibuni upande wa Mbita na visiwani, kila kizimba na nanga zake. Ongeza nyavu za kukokota ambazo sheria inakataza na wote tunajua bado zipo.

Baharini dawa ni kuizika kebo kwa jembe linalokokotwa na meli, mita moja hivi chini ya mchanga, sehemu zote zenye maji mafupi. Ziwani ungelazimika kufanya hivyo njia nzima, kwa sababu njia nzima ni maji mafupi. Kisha uchore njia hiyo kwenye ramani na kukaa chini na kamati za usimamizi wa fuo, zile BMU zinazojua nani anatupa nanga wapi. Mhandisi anayeruka hatua hiyo kwa kuona ni siasa za kijiji atajifunza kwa kulipa.

Saint Helena inafaa kuangaliwa hapa, kisiwa cha Uingereza katikati ya Atlantiki ya kusini chenye watu takriban 4,500, ambapo ndege za abiria za ratiba zilianza kutua 2017 tu. Kwa miaka mingi kisiwa kizima kiligawana njia moja ya setilaiti, yenye megabiti 50 hivi kwa sekunde. Nyumba moja ya Milimani mjini Kisumu yenye faiba inaweza kuwa na kiasi hicho peke yake. Hakuna kampuni ambayo ingewavutia watu 4,500 kebo yao wenyewe. Kilichowaokoa ni jiografia. Google ilikuwa ikilaza kebo ya Equiano kutoka Ureno hadi Afrika Kusini, na njia ingepita si mbali sana. Wakaomba tawi, Umoja wa Ulaya ukatoa fedha, na Agosti 2021 ncha ya kebo ikavutwa ufuoni Rupert's Bay. Huduma kwa wananchi ilianza Oktoba 2023. Zaidi ya miaka miwili kebo ilikuwa imelala ufuoni, na watu bado wakilipia setilaiti!

Ucheleweshaji huo haukuwa uzembe mtupu. Kebo kuu yenyewe ilikuwa haijaanza kazi, na ufuoni si nyumbani kwa mtu. Lazima pawepo mitambo, umeme wa kuiendesha, waya au minara ya kusambaza ndani ya kisiwa, na mkataba wa nani anauza kwa bei gani. Viongozi wa Saint Helena walifanya jambo moja la akili: walitafuta kampuni za setilaiti zije kuweka vituo vyao vya ardhini kisiwani, zitumie kebo na kuilipia, ili mzigo usiwaangukie wakazi peke yao. Hata setilaiti, kumbe, zinahitaji faiba. Data inayopanda angani lazima ishuke mahali, na pale inaposhukia pana waya.

Mfangano ina nini cha kumvutia mteja mkubwa wa aina hiyo? Hakuna kebo kubwa inayopita mlangoni pake. Ina shule, zahanati, ofisi za serikali, wenye vizimba, wauza samaki, mawakala wa M-Pesa, redio ya jamii ya Ekialo Kiona inayotangaza kwa Kisuba. Ukijumlisha hao wote unapata mahitaji ya kweli, ila si ya kumfanya mwekezaji akose usingizi. Ndiyo maana kebo ya kisiwa kama hiki inahitaji fedha za umma, na Kenya ina Mfuko wa Huduma kwa Wote unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili ya maeneo ambayo soko limeyapita.

Kabla ya kuzitumia ni vyema kutazama njia nyingine, na magharibi mwa Kenya tumeshakuwa uwanja wa majaribio. Julai 2020 maputo ya Loon, kampuni dada ya Google, yalianza kutoa mtandao wa simu pamoja na Telkom Kenya, yakielea karibu kilomita 20 juu ya eneo la kilomita za mraba 50,000 lililojumuisha Nakuru, Kisumu na Kakamega. Januari 2021 kampuni ikatangaza kufunga, na mwezi Machi huduma ikaisha. Teknolojia ilifanya kazi, hesabu ya pesa ndiyo ilikataa. Mabaki ya ujuzi ule yalisaidia mradi wa Taara, unaorusha data kwa miali ya leza hewani. Mwaka 2021 uliunganisha Brazzaville na Kinshasa kuvuka mto Kongo, kilomita 4.8, na kwa siku 20 ukapitisha karibu terabaiti 700. Kwa waya, data hiyo ingezunguka kama kilomita 400. Adui wa leza ni ukungu na mvua kubwa, vitu ambavyo ziwa letu halina uhaba navyo.

Kuna pia maikrowevu, yale madishi yenye umbo la ngoma unayoyaona kwenye minara. Ndiyo njia ya kawaida ya kuvuka maji yasiyo mapana, ni rahisi kuyaweka, na fundi wake anapatikana Kisumu. Tabu ni kwamba maji tulivu hurudisha mawimbi kama kioo, kwa hiyo dishi la upande wa pili hupokea ishara mara mbili, moja iliyonyooka na moja iliyodunda majini, nazo huweza kuuana. Mafundi hutibu kwa kuweka dishi moja juu sana na jingine chini, au madishi mawili kwenye mnara mmoja. Kwa vilima tulivyo navyo, Gembe nyuma ya Mbita na kile kilima kirefu cha Mfangano chenyewe, kazi hiyo inawezekana vizuri.

Na setilaiti? Hizi mpya, Starlink zikiwamo, si za Longonot. Zinazunguka karibu kilomita 550 tu juu, kwa hiyo ule uchelewaji wa kukatizana maneno umekwisha. Starlink ilianza kuuza Kenya Julai 2023, na kufikia mwisho wa 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo wake hapo ulikuwa umejaa. Setilaiti hugawa uwezo wake kwa eneo, si kwa mtu, na watu wakibanana kila mmoja hupata kidogo. Kwa mwenye kisiwa hiyo si habari mbaya hata kidogo. Kisiwa kimezungukwa na maji, na samaki hawanunui bando.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Rusinga haihitaji kebo ya chini ya maji hata kidogo, kwani imeunganishwa na Mbita kwa barabara na daraja, na faiba inaweza kupita hapo kama inavyopita popote. Mfangano inastahili kebo, iliyozikwa, ikitokea Rusinga na kupitia Takawiri, na maikrowevu yabaki yakifanya kazi kando yake, yasing'olewe siku ya uzinduzi. Remba na Ringiti, visiwa vidogo vilivyosongamana mabati na boti, ambako watu huhama wakifuata samaki, vinafaa maikrowevu kutoka Mfangano au dishi la setilaiti linalogawanywa. Migingo, kijiwe kilichojaa vibanda, ambacho Kenya na Uganda bado zinakizozania, ni cha setilaiti, na kuilaza kebo huko ni kutafuta kesi mahakamani kabla ya mteja wa kwanza.

Kitakachoamua kama kebo ya Mfangano ni baraka au kumbukumbu ni mambo madogo ambayo hayapigwi picha siku ya utepe. Umeme wa kisiwa hutoka kwenye mtambo mdogo usio kwenye gridi ya taifa, kwa hiyo kituo cha kebo kinahitaji betri zake. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwahi kupimwa kabla ya hapo, na 2024 likapanda tena, nyumba na magati yakazama. Kituo kikijengwa ufuoni kwa kutazama maji ya leo, miaka michache ijayo mitambo itaogelea. Na watu wakiitwa barazani kutoa maoni, badala ya kuuliza kasi itakuwa megabiti ngapi, wangeuliza kipande cha akiba cha kebo kitahifadhiwa kwenye ghala gani, tishari la ukarabati ni la nani, na ni nani mwenye mkataba wa kuja siku mvuvi atakapoinua nanga yake asubuhi na kukuta waya.